Paneli ya sola inayofuata jua: mwongozo kamili wa kuiunda na kuijaribu ukiwa Dar es Salaam

Maswali ninayopokea kuhusu paneli inayofuata jua yanafanana mno. Mtu amenunua vifaa Kariakoo, ameviunganisha mezani sebuleni, amemulika kwa tochi na paneli imegeuka vizuri kabisa. Akaitoa uani, saa 4 asubuhi, jua linawaka, paneli haisogei hata kidogo. Mwingine yake inageuka mchana kutwa, lakini jioni inabaki imekodolea magharibi na kesho yake haiamki. Wa tatu yake inatetemeka kama mtu mwenye homa, inakwenda na kurudi kila sekunde, mpaka mota inaanza kunuka.

Nimefungua mifumo mingi ya namna hiyo. Mara nyingi programu haina kosa kubwa. Makosa huwa matatu: paneli haina mizani kwenye mhimili wake, rezista ya sensa imechaguliwa kwa mwanga wa tochi badala ya jua, na mfumo haujafundishwa kutulia. Hapa nitakupitisha kwenye ujenzi wote, lakini nitakaa zaidi kwenye hayo matatu.

Tunajenga mfumo wa paneli moja ya wati 50, unaozunguka mashariki kwenda magharibi tu, uliosimama uani na si juu ya bati.

## Jiulize kwanza kama unauhitaji

Kama shida yako ni kupata umeme zaidi na nafasi ya paneli ya pili ipo, nunua paneli ya pili. Bei za paneli zimeshuka sana, na paneli iliyolala haina mota ya kufa.

Mfumo huu una maana ukiwa na pampu ya maji inayoendeshwa na sola moja kwa moja bila betri, maana hapo unataka nguvu ianze mapema asubuhi na idumu hadi jioni. Una maana pia pale nafasi ni finyu, au unapofanya mradi wa chuo na unataka kuuelewa vizuri. Kwa paneli moja ya wati 50, usitegemee kurudisha gharama. Unajifunza hapa, kisha unatumia ujuzi huo kwenye mfumo mkubwa.

## Vifaa

Kwa ajili ya chuma:

- Mabomba mawili ya inchi 2 ya kuwa nguzo: moja la mita 1.9, jingine la mita 2.02
- Bomba la inchi 1, urefu wa mita 1.1, ndilo mhimili
- Vipande viwili vya bomba la inchi 1 na robo, kila kimoja sentimita 10. Bomba la inchi 1 linaingia humo kwa ulegevu kidogo, kwa hiyo ukipaka grisi umepata beringi ya bei nafuu
- Engo za kushikia paneli, bolti, nati na washa zilizopakwa zinki
- Saruji, mchanga na kokoto za mashimo mawili

Kwa ajili ya umeme:

- Paneli ya wati 50 na nyingine ya aina hiyohiyo, hata ya kuazima, kwa ajili ya jaribio la mwisho
- Mota ya kusukuma, yaani yenye mkono unaotoka na kurudi ndani, ya volti 12 na mwendo wa inchi 12. Ile ya kusogezea madishi makubwa ya zamani inafaa pia. Nyingi zilitengenezwa kwa volti 36, na ukiipa 12 inakwenda polepole na nguvu yake inapungua. Upole huo ndio tunaoutaka
- Betri ya volti 12 na chaji kontrola yake
- Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu
- Rilei mbili za volti 5 (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), bodi moja
- Kishusha volti cha kutoka 12 hadi 5
- Sensa za mwanga kumi, zile ambazo dukani wanaziita LDR. Tunatumia mbili, na nitaeleza kwa nini unanunua kumi
- Rezista za omu 220, 330, 470 na 1,000, kila aina mbili
- Kapasita ya mikrofaradi 1,000, fyuzi ya amperi 5, boksi la plastiki lisiloingiza maji, silikoni
- Mita ya umeme yenye kipimo cha amperi 10

Vingine ni vya kawaida: pima maji, timazi, kamba, na msumari wa sentimita 10. Usiudharau huo msumari.

Chuma kikuukuu na mabaki ya mabomba utayapata Gerezani kwa bei nzuri. Nenda na futi, usinunue kwa macho.

## Hatua ya 1: Kagua anga lako

Faida ya kufuata jua inapatikana asubuhi na jioni. Saa sita mchana paneli iliyolala na inayozunguka zinapata sawa. Kwa hiyo kama mashariki kwako pana ghorofa la jirani na magharibi pana mwembe, faida yote imekwisha kabla hujaanza.

Simama pale unapotaka kuweka nguzo, saa 1 na nusu asubuhi, kisha tena saa 11 jioni. Jua linakufikia mwilini? Kama linachelewa hadi saa 3, hama au acha.

Utaona jua halipiti njia moja mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Desemba liko kusini, kama nyuzi 73. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba linapita utosini kabisa.

Watu huuliza kama hauhitajiki mhimili wa pili, wa kuinamisha paneli kaskazini na kusini. Jibu liko hapa. Tukiinamisha mhimili wetu nyuzi 7 kuelekea kaskazini, jua la adhuhuri halitawahi kukengeuka zaidi ya nyuzi 23 na nusu kutoka kwenye uso wa paneli, na kosa hilo linapoteza asilimia 8 tu katika siku mbaya kuliko zote za mwaka. Kwa hasara ya asilimia 8, siongezi mota ya pili ya kuharibika.

## Hatua ya 2: Tafuta kaskazini kwa kivuli

Dira ya simu hudanganyika karibu na chuma, na wewe umezungukwa na mabomba. Tumia kivuli.

Simamisha kijiti cha nusu mita kwenye ardhi iliyosawazishwa kwa pima maji. Hakikisha kwa timazi kwamba kimesimama wima. Saa 4 asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha chukua kamba na uchore duara kuzunguka kijiti, likipita kwenye alama hiyo. Subiri. Karibu saa 9 kasoro robo alasiri ncha ya kivuli itagusa duara upande wa pili. Weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni mashariki na magharibi. Pata kaskazini na kusini kwa ile tatu-nne-tano ya mafundi ujenzi, yaani pembetatu ya pande 3, 4 na 5 inayokupa pembe mraba.

Mbona saa 9 kasoro robo na si saa 8 kamili? Kwa sababu adhuhuri ya jua si saa 6 ya saa yako. Saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Dar iko nyuzi 39 na kidogo. Jua linafika kileleni kwa wastani saa 6 na dakika 23 mchana. Mwanzoni mwa Novemba linawahi, kama saa 6 na dakika 6. Katikati ya Februari linachelewa hadi saa 6 na dakika 37. Jua husogea nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo anayetega mfumo wake kwa saa 6 kamili mwezi Februari amekosea nyuzi 9 tangu mwanzo.

## Hatua ya 3: Nguzo na mhimili

Chimba mashimo mawili ya sentimita 60 kwenye mstari wa kaskazini na kusini, yakiachana mita 1. Bomba fupi liende kaskazini, refu kusini. Tofauti ya sentimita 12 kwa umbali wa mita 1 inakupa nyuzi 7 zako.

Kabla ya kumwaga zege, mwambie fundi wa kuchomelea aweke vile vipande vya inchi 1 na robo juu ya nguzo, vikiwa na mwinamo huohuo, na bomba la mhimili likiwa limepita ndani yake. Ukichomelea kila kimoja peke yake halafu ukaja kupitisha bomba, litakwama. Nimeliona hili mara nyingi mno, na dawa yake huwa ni kukata upya.

Zege likae siku saba. Mwagia maji. Kisha zungusha mhimili kwa vidole viwili: uende bila kukwaruza.

## Hatua ya 4: Mizani

Hapa usikimbie. Funga paneli kwenye mhimili kwa engo, katikati kwa kipimo cha futi. Usifunge mota bado.

Sasa iweke paneli ikiwa imelala na uiachie. Iinamishe kidogo mashariki, iachie. Iinamishe nusu, iachie. Rudia magharibi. Paneli yenye mizani inabaki pale ulipoiacha.

Isipobaki, itazame inakoangukia. Kama inaanguka upande mmoja siku zote, haikufungwa katikati. Legeza bolti uisogeze kinyume chake, nusu sentimita kwa nusu sentimita. Kama inaanguka upande wowote unaoiinamishia, basi uzito wake umekaa juu ya mhimili, kama mtu aliyesimama juu ya gogo. Hapo kuisogeza hakusaidii. Ning'iniza kipande cha chuma chini ya mhimili, kikiwa kimefungwa kwenye engo zilezile, na uongeze uzito mpaka paneli itulie.

Kwa nini nalisisitiza hili? Paneli ya wati 50 ina uzito wa kilo 4 hivi. Ikikaa sentimita 5 nje ya mhimili, inaushinda ule mota mdogo wa roboti (servo) ambao wanafunzi wengi huutumia. Mota unakula umeme hata ukiwa umesimama, kwa sababu unaishikilia paneli isianguke. Vijana huniletea mota ulioungua wakidhani ni wa bandia. Haukuwa wa bandia, ulibebeshwa mzigo.

## Hatua ya 5: Mota

Mkono wa mota ufungwe kwenye engo sentimita 20 kutoka kwenye mhimili. Kwa umbali huo, mwendo wa sentimita 28 unaizungusha paneli nyuzi 45 kila upande, na mota ya inchi 12 ina sentimita 30. Imebaki akiba ndogo, inatosha.

Paneli ikiwa imelala, mota iwe imetoka nusu ya mwendo wake na isimame karibu wima. Kitako chake kifungwe kwenye engo inayounganisha nguzo mbili kwa chini. Pande zote mbili tumia bolti inayoruhusu kuzunguka, usikaze hadi mwisho.

Iunganishe na betri moja kwa moja, ukipitia fyuzi. Iache ifike mwisho, kisha geuza waya irudi. Mota nzuri ina swichi za ndani zinazoikatia umeme ikifika mwisho. Usizitoe kwa sababu yoyote. Pima amperi ikiwa inapanda na ikiwa inashuka. Namba hizo mbili zikikaribiana, mizani yako ni nzuri. Moja ikiwa mara mbili ya nyenzake, rudi hatua ya 4.

Hesabu pia sekunde za mwendo mzima. Ziandike, tutazihitaji.

## Hatua ya 6: Sensa, na uongo wa tochi

Mitandaoni kila mchoro unakuonyesha sensa mbili za mwanga, kila moja na rezista ya omu 10,000. Ndani ya nyumba inafanya kazi. Nje inakufa, na hii ndiyo sababu.

Sensa hii hupunguza ukinzani kadiri mwanga unavyoongezeka. Chumbani ina maelfu ya omu. Kwenye jua la Dar la saa 5 inashuka hadi makumi ya omu. Ukiiunganisha na rezista ya 10,000, Arduino ambayo inasoma kuanzia 0 hadi 1023 itaona kama 1018 upande mmoja na 1017 upande wa pili, hata kama paneli imekosea nyuzi 20. Sensa zote mbili zinapiga kelele hadi mwisho wa sauti, huwezi kujua ipi inapiga zaidi.

Dawa ni mbili kwa pamoja. Kwanza punguza mwanga: kata vipande vya plastiki nyeupe isiyopitisha picha, mfuniko wa ndoo unatosha, na ufunike kila sensa. Pili, chagua rezista kwa kupima.

Toa zile sensa kumi nje, saa 5 asubuhi, siku isiyo na mawingu. Mimi huzipanga kwenye kisahani cheupe, zote zikitazama juu, na kila moja naifunika kwa kipande kilekile cha plastiki ninapoipima. Andika omu za kila moja. Utashangaa: za pakiti moja, duka moja, moja inasoma 190, ya pili 260, ya tatu 215. Chagua mbili zinazokaribiana kuliko zote. Rezista yako ndiyo ile iliyo karibu na namba yao. Wakisoma 210 na 215, tumia 220. Wakisoma 400, tumia 470.

Sasa zijengee nyumba. Watu hupenda kuziweka ndani ya bomba refu au kuzitenga kwa ukuta mrefu, wakitafuta usahihi. Usahihi huo hauna kazi: paneli iliyokosea nyuzi 10 inapoteza asilimia moja na nusu tu. Na bomba refu lina dhambi kubwa zaidi, halioni pembeni. Mvua ya masika ikifunika jua saa mbili nzima, jua likitokea tena liko mbali, sensa ya bombani hailioni na mfumo unabaki umelala.

Mimi natengeneza umbo la paa: vibao viwili vimekutana mgongoni, kila kimoja kimeinama nyuzi 45, sensa moja inatazama mashariki na nyingine magharibi. Mgongo wa paa uwe sambamba na mhimili. Kipaa hicho kifungwe kwenye ukingo wa paneli ili kigeuke nayo. Funika kwa kipande cha kioo cha dirisha na uzibe kwa silikoni. Plastiki angavu inageuka njano kwa jua letu, na moja ikiwahi kugeuka kabla ya nyingine, paneli itaanza kuinama upande.

Dalili ya kufaulu: elekeza paneli kwenye jua kwa mkono, sensa zote zisome kati ya 400 na 700 na zisipishane zaidi ya 15. Igeuze kidogo, tofauti ionekane wazi.

## Hatua ya 7: Rilei na umeme wake

Waya mmoja wa mota uende kwenye tundu la kati (COM) la rilei ya kwanza, wa pili kwenye tundu la kati la rilei ya pili. Upande unaogusa rilei ikiwa imelala uende hasi ya betri, upande unaogusa ikiwaka uende chanya kupitia fyuzi. Rilei zote zikilala, mota imefungwa hasi pande zote na inasimama papo hapo. Zote zikiwaka kwa bahati mbaya, inasimama vilevile. Hakuna namna ya kupiga shoti.

Wengine badala ya rilei hutumia bodi ya kuendeshea mota iitwayo L298N. Inakula kama volti 2 njiani na inapata moto. Kwa mota ya volti 12 yenye nguvu, siishauri.

Arduino ichukue umeme wake kutoka kwenye kishusha volti, kwa waya wake wenyewe kutoka betrini, na kapasita iwekwe mbele yake. Ukichanganya na waya wa mota, kila mota inapoanza volti zitashuka, Arduino itajizima na kuwaka upya, na utalala usiku ukitafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

## Hatua ya 8: Ifundishe kutulia

Andika programu kwa namna yoyote unayoijua, lakini iheshimu kanuni hizi:

1. Soma kila sensa mara 20, chukua wastani. Usiamini usomaji mmoja.
2. Tofauti ikiwa chini ya 40, usifanye kitu.
3. Ikizidi 40, subiri sekunde 30 usome tena. Huenda ni kunguru amepita au wingu dogo.
4. Bado imezidi? Sukuma sekunde 1, simama, soma. Endelea hivyo mpaka tofauti ishuke chini ya 15. Ikipita misukumo 20 bila kufika, acha.
5. Baada ya kusogea, pumzika dakika 10. Kwa muda huo jua limesogea nyuzi 2 na nusu tu.
6. Mwanga ukipungua kwa mawingu, kaa ulipo. Mwanga wa mawingu unatoka pande zote, hakuna cha kufuata.
7. Giza kamili likidumu dakika 20, rudi mashariki. Sukuma kwa zile sekunde ulizozihesabu kwenye hatua ya 5, ongeza 5, swichi za mota zitasimamisha zenyewe.

Tazama vizuri kanuni ya 2 na ya 4. Kuanza ni 40, kusimama ni 15. Pengo hilo kati ya namba mbili ndilo linaloondoa ule mtetemo wa homa. Ukiweka namba moja tu kwa mambo yote mawili, paneli inavuka kidogo, inarudi, inavuka tena, hadi jioni.

Nilipigiwa simu kwenda Tabata kwa kijana ambaye paneli yake ilikuwa hivyo. Alikuwa ameshabadilisha mota mbili. Tulikaa chini ya kivuli cha ukuta, tukaongeza pengo na ile dakika 10 ya mapumziko, mistari michache tu. Paneli ikasogea mara moja, ikanyamaza. Alisimama akiitazama dakika nzima bila kusema, kisha akaniuliza kama imezimika.

## Hatua ya 9: Jaribio la msumari

Chukua msumari wa sentimita 10, usimamishe wima kabisa kwenye kibao kidogo, ukifunge kwenye ukingo wa paneli. Kivuli chake ni kipimo chako. Paneli ikilitazama jua sawasawa kwa upande wa mashariki na magharibi, kivuli hakielekei huko. Kikienda sentimita 0.9 upande mmoja, umekosea nyuzi 5. Sentimita 1.8 ni nyuzi 10.

Kivuli cha kaskazini au kusini usikijali, hicho ni cha majira.

Pima kila saa kuanzia saa 3 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, siku tatu. Nje ya muda huo jua liko chini kuliko nyuzi 45 zetu, kivuli kirefu ni cha kawaida. Ukiona kivuli kimeegemea upande uleule siku zote, sensa hazilingani au kipaa kimefungwa vibaya. Kikionyesha paneli inachelewa nyuma ya jua asubuhi na jioni pia, punguza ile 40 hadi 30. Kisipozidi sentimita 1.8, usiguse tena.

## Hatua ya 10: Linganisha na paneli iliyolala

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa bila sababu. Wanapima amperi zinazoingia kwenye betri. Saa 4 betri imejaa, kontrola inabana umeme, na paneli inayozunguka inaonekana haina faida yoyote.

Tenga paneli na betri. Pima amperi za shoti, yaani unganisha mita ya amperi 10 moja kwa moja kwenye chanya na hasi ya paneli. Paneli ya wati 50 hutoa karibu amperi 3 hivyo, na haidhuriki. Betri usithubutu kuifanyia hivyo, waya zitakulipukia mikononi. Funika paneli kwa kitambaa kabla ya kuunganisha na kuchomoa, ili usichome vidomo vya mita.

Kwanza laza paneli zote mbili sambamba, adhuhuri, uone kama zinasoma sawa. Zikitofautiana, andika tofauti hiyo uitoe kwenye hesabu. Kisha moja ibaki imelala, nyingine ifuate jua, na upime kila nusu saa tangu saa 1 hadi saa 12 jioni.

Utegemee nini? Siku jua likipita utosini, mwanga wa moja kwa moja unaoipata paneli iliyolala ni asilimia 71 saa tatu kabla au baada ya adhuhuri, 51 saa nne, na 27 saa tano. Inayofuata jua inakaa karibu na 100 mpaka ifike mwisho wa nyuzi zake. Kwa hiyo saa 2 asubuhi amperi za inayozunguka ziwe karibu mara mbili ya iliyolala, na adhuhuri zilingane. Zisipolingana adhuhuri, kuna kosa la mizani ya sensa, rudi kwenye msumari.

Jumla ya siku nzima, anga likiwa jeupe, natarajia ongezeko la kati ya asilimia 20 na 30. Siku ya masika yenye mawingu mfululizo, karibu sifuri, na hilo si kosa lako.

Toa na gharama ya mfumo wenyewe. Mota inafanya kazi dakika chache tu kwa siku, inakula kama watisaa 2. Arduino ndiyo mlaji: ukiilisha volti 12 moja kwa moja inakula karibu watisaa 14 kwa siku nzima. Kupitia kishusha volti inashuka hadi nusu. Paneli ya wati 50 hapa inatoa kama watisaa 250 kwa siku nzuri, ongezeko lako ni 60 hivi. Kuokoa hizo 7 si jambo dogo.

## Upepo, chumvi na grisi

Kusi ikivuma mchana wa Julai, paneli iliyoinama nyuzi 45 ni tanga. Upepo mkali unaweza kuisukuma kwa nguvu ya kilo 15 na zaidi. Mota ya kusukuma ina skrubu ndani, haigeuzwi na upepo, lakini bolti zinalegea. Toboa tundu kwenye engo na kwenye nguzo, vipande vikilingana paneli ikiwa imelala, ili siku ya upepo mkubwa uzime mfumo na upitishe pini.

Ukiwa Kigamboni, Msasani, Kawe au popote upepo wa bahari unapofika, chumvi italiwahi kila kovu la kuchomelea. Paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya kusimamisha, usingoje uone wekundu.

Kila kabla ya masika na kabla ya vuli: grisi kwenye vipande viwili vya mhimili, futa kioo cha sensa, angalia maji ndani ya boksi, kaza bolti za mkono wa mota, na upime kivuli cha msumari mara moja, saa 4 asubuhi. Andika namba ndani ya mfuniko wa boksi kwa kalamu isiyofutika. Ukifungua msimu ujao, utaona palepale kama kuna kilichosogea.